Kabla Hujalipia "Bustaa" ya Gemu, Kagua Mpangilio wa Umeme kwenye Kompyuta Yako

Tuanze na mfano. Tumwite kijana wetu Brayo, jina la kubuni tu. Brayo ana kibanda cha gemu karibu na stegi. Ndani kuna laptopu mbili za mtumba, zile zinazouzwa kama Ex-UK. Mechi moja ya FIFA ni bob 20. Mteja anatuma pesa kwa simu, Brayo anaona meseji imeingia, mchezo unaanza.

Jioni moja laptopu moja inaanza vituko. Mchezaji anaelekea golini, picha inaganda, na ikirudi mpira tayari uko mikononi mwa kipa. "Buda, hii mashine yako ni ya kutesa watu," anasema mteja wa kwanza. Wa pili anataka pesa yake irudishwe. Usiku huo, kwenye kikundi cha WhatsApp, mtu asiyemjua anamwandikia: "Bro, niko na bustaa. Kompyuta yako itaenda mara mbili. Tuma 1,500 kwa hii namba nikutumie faili na namba ya kuifungua."

Brayo ameshajaza namba na kiasi. Kimebaki kitu kimoja tu: PIN.

Somo la leo linaanzia hapo. Kabla ya kubonyeza tarakimu hizo nne, kuna kazi ya dakika kumi ambayo hailipiwi hata shilingi. Mara nyingi kompyuta inayokwama kwenye gemu haijaharibika wala haijazeeka. Imeambiwa ibanie umeme, nayo inatii. Tutaonyesha jinsi ya kujua kama hilo ndilo tatizo, jinsi ya kulirekebisha, na jinsi ya kutambua kwamba shida iko kwingine, ili usitupe pesa yako mahali ambapo haitasaidia.

Prosesa hupunguza mwendo kwa makusudi

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Kasi yake hupimwa kwa GHz. Watu wengi hudhani kasi hiyo haibadiliki, kama saizi ya kiatu. Sivyo. Kasi hupanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde moja, kulingana na kazi iliyopo na ruhusa iliyopewa.

Chukua Intel Core i5-8250U, prosesa inayopatikana kwenye laptopu nyingi za ofisi zinazouzwa kama mtumba. Kasi yake ya msingi ni 1.6 GHz. Lakini kazi ikizidi, inaweza kupanda kwa muda hadi 3.4 GHz. Kupanda huko ndiko kunakoitwa turbo. Tofauti ya namba hizo mbili ni zaidi ya mara mbili, na yote iko ndani ya mashine ile ile uliyokwisha kuinunua.

Sasa, kwa nini isikae juu wakati wote? Kwa sababu ya umeme na joto. Ili iende haraka, prosesa huhitaji volteji ya juu zaidi, na umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volteji hiyo. Volteji ikiongezeka kwa asilimia 20 tu, matumizi ya umeme kutokana na badiliko hilo pekee huongezeka kwa asilimia 44. Umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana Windows huja na mipangilio ya kubania umeme: betri ikae, feni isipige kelele, mashine isichome mapaja.

Kwa mtu anayeandika barua au kusoma habari, kubania huko hakuna madhara. Kwenye gemu ni tofauti. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde 16 na kidogo kuandaa kila picha. Prosesa ikichelewa, picha inachelewa, na jicho linaona kukwama. Hapo ndipo mpira unapotua mikononi mwa kipa kabla hujaona shuti.

Pima kwanza, usikisie

Fundi mzuri hafungui mashine kabla ya kuiuliza inaumwa wapi. Nawe fanya hivyo.

1. Chomeka chaja ukutani na uwashe gemu. Ukiweza, liweke kwenye dirisha dogo badala ya kioo kizima, ili uone vitu vingine pembeni.

2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager.

3. Bonyeza "Performance", kisha "CPU".

4. Tafuta namba mbili. Moja imeandikwa "Base speed". Hiyo ni kasi ya msingi. Nyingine imeandikwa "Speed". Hiyo ni kasi ya sasa hivi.

5. Cheza dakika tano huku ukiitazama "Speed". Andika unachoona kwenye karatasi.

Kama kasi ya sasa inapanda juu ya ile ya msingi gemu likiwa zito, prosesa yako inafanya kazi yake. Kama inagota kwenye kasi ya msingi, au iko chini yake, na haipandi hata gemu likilia, basi kuna kitu kinaizuia. Kwenye laptopu ya Brayo, tuseme, msingi ni 1.6 na kasi ya sasa imeganda karibu na 1.6 mchezo mzima. Huo ni ushahidi. Sasa tunaweza kutafuta kizuizi.

Hatua ya kwanza: hali ya umeme

Kwenye Windows 11, fungua "Settings", kisha "System", kisha "Power & battery". Utaona mahali palipoandikwa "Power mode". Kama pameandikwa "Best power efficiency", umepata mshukiwa wa kwanza. Chagua "Best performance" wakati wa kucheza, au "Balanced" kwa matumizi ya kawaida. Kama sehemu hiyo haikubali kubonyezwa, nenda kwenye mpango wa umeme tutakaoueleza hapa chini, uchague "Balanced", kisha urudi.

Kwenye Windows 10, bonyeza alama ya betri iliyo chini kulia mwa kioo. Kwenye laptopu nyingi kutatokea kijiti cha kusukuma. Kisukume hadi mwisho wa kulia, penye "Best performance".

Hakikisha pia hali ya kuokoa betri haijajiwasha. Kwa kawaida Windows huiwasha yenyewe betri ikishuka sana. Hapo kompyuta hubana kila kitu ili isizime. Ukicheza gemu kwa betri inayokaribia kuisha, usilaumu mashine.

Hatua ya pili: ile 99 inayojificha

Hiki ndicho kizuizi ambacho wengi hawakijui. Bonyeza alama ya Windows na herufi R kwa pamoja. Kwenye kisanduku kitakachotokea andika powercfg.cpl, kisha ubonyeze Enter. Utaona mipango ya umeme. Kwenye mpango uliochaguliwa, bonyeza "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings". Kwenye orodha itakayofunguka, shuka hadi "Processor power management". Ndani yake mna mambo matatu:

"Minimum processor state" ni sakafu: prosesa isishuke chini ya hapa.

"Maximum processor state" ni dari: prosesa isipande juu ya hapa.

"System cooling policy" ni utaratibu wa kupoza. Ukichagua "Active", joto likipanda feni huongeza kasi kwanza. Ukichagua "Passive", prosesa hupunguzwa mwendo kwanza.

Kila moja ina mistari miwili, mmoja wa wakati mashine inatumia betri, "On battery", na mwingine wa wakati imechomekwa, "Plugged in".

Sasa angalia ile dari. Kwenye laptopu nyingi za Intel, dari ikiwekwa asilimia 99, kinachopotea si asilimia moja. Turbo yote huzimwa. Prosesa yenye uwezo wa kufika 3.4 GHz inabaki karibu na 1.6. Watu huweka 99 kwa makusudi: mtu mashine yake ilikuwa inachemka, akashauriwa apunguze, ikapoa, akasahau. Ukinunua laptopu ya mtumba ambayo haikuwekewa Windows upya, unaweza kurithi uamuzi wa mtu usiyemjua. Kwa macho, 99 inaonekana kama 100. Kwenye gemu ni mbali sana.

Weka hivi kwenye mstari wa "Plugged in":

Dari: asilimia 100.

Sakafu: iache asilimia 5.

Utaratibu wa kupoza: "Active".

Bonyeza "Apply", kisha "OK". Ukihisi umevuruga kitu, usijali. Kwenye dirisha hilo hilo kuna kitufe cha "Restore plan defaults" kinachorudisha mpango ulivyokuwa kiwandani.

Laptopu nyingine mpya haziionyeshi kabisa sehemu ya prosesa kwenye orodha hii. Kama yako ni hivyo, tumia ile "Power mode" ya hatua ya kwanza. Inatosha.

Halafu rudi ukapime tena. Gemu lile lile, dakika tano zile zile, karatasi ile ile. Kama Brayo sasa anaona kasi ikivuka 2 GHz pale ilipokuwa imegota 1.6, basi ameokoa shilingi 1,500. Kama namba haijasogea, asome sehemu inayofuata.

Mbona tusiweke sakafu 100 pia?

Swali zuri, na video nyingi mtandaoni hushauri hivyo. Sisi hatushauri. Prosesa za miaka ya karibuni hupanda zenyewe ndani ya milisekunde chache kazi inapokuja. Gemu likiwa linaendelea, prosesa tayari iko juu. Sakafu ya 100 inaongeza kidogo sana kwenye gemu, lakini mashine inapokaa bure inaendelea kuchemka na kula stima. Ni kama matatu iliyoegeshwa stegi huku dereva akikanyaga mafuta. Abiria hawafiki mapema, mafuta yanaisha.

Na tukizungumzia stima, hebu tupige hesabu ya kweli ya hata yale mabadiliko tunayoyashauri. Tuseme kila laptopu inakula wati 15 zaidi inapochezewa kwa kasi ya juu, saa tano kila siku, siku 30. Hiyo ni 15 mara 5 mara 30, sawa na wati-saa 2,250, yaani uniti 2.25. Laptopu mbili ni uniti 4.5 kwa mwezi.

Bei ya uniti unayo mwenyewe kwenye simu. Fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni, uchukue shilingi ulizolipa, ugawanye kwa uniti ulizopata. Tuseme ulilipa 560 ukapata uniti 20. Kila uniti imekugharimu shilingi 28. Uniti 4.5 ni shilingi 126 kwa mwezi. Kwa Brayo, hizo ni mechi sita na kidogo za bob 20. Kama kukwama kulikuwa kunamfukuzia wateja kila jioni, gharama hiyo inarudi haraka. Kama unacheza peke yako nyumbani dakika 30 kwa siku, huenda hutaiona kabisa. La muhimu ni kujua kwamba kasi ina bei yake, na bei yenyewe unaweza kuikokotoa.

Kama namba haijasogea: chaja na vumbi

Mipangilio ikiwa sawa na bado kasi inagota, kuna washukiwa wawili wa kawaida.

Wa kwanza ni chaja. Laptopu za mtumba mara nyingi huuzwa na chaja isiyo yake. Kama mashine inahitaji chaja ya wati 65 na wewe umepewa ya 45, inaweza kujipunguza ili isizidiwe. Baadhi ya laptopu, zikiwemo nyingi za Dell, huikagua chaja inapochomekwa. Zisipoitambua, huonyesha onyo unapoziwasha na kuipunguza kasi prosesa, hata kama mipangilio ya Windows iko sawa. Soma kibandiko kilicho chini ya laptopu na kile kilicho kwenye chaja. Volti zilingane, na wati za chaja zisiwe chini ya zile zinazohitajika.

Wa pili ni joto. Kila prosesa ina kikomo. Ile i5-8250U kikomo chake ni nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo hujipunguza yenyewe ili isiungue, na hakuna mpangilio wa Windows unaoweza kuishawishi vinginevyo. Dalili ni hii: gemu linaanza vizuri, dakika kumi baadaye linaanza kukwama, feni inanguruma, sehemu ya chini ya mashine haishikiki. Hapo tatizo ni upepo. Itoe laptopu kitandani au kwenye kitambaa, iweke juu ya meza ngumu, inua sehemu ya nyuma kidogo kwa vifuniko viwili vya chupa. Kama haijawahi kusafishwa, mpelekee fundi aondoe vumbi kwenye feni na abadilishe ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, kwa sababu hukauka baada ya miaka. Hii ni kazi halali ya kulipia. Lipa baada ya kuona kazi, na mpimie fundi namba za kabla na baada.

Wakati tatizo si prosesa kabisa

Tunasema haya waziwazi kwa sababu hatutaki ubadilishe mipangilio, usione tofauti, kisha urudi kwa muuza bustaa.

Kama Task Manager inaonyesha CPU iko asilimia 40 na GPU iko karibu asilimia 100, anayechelewa ni yule mchoraji wa picha. Laptopu nyingi za ofisi hazina kadi ya picha ya peke yake. Mchoraji amejengwa ndani ya prosesa, na wote wawili wanagawana kiasi kimoja cha umeme. Kwa i5-8250U, kiasi hicho ni wati 15 kwa kawaida. Kumbana mmoja kunamwachia mwingine, na kumpa mmoja kunamnyima mwingine. Kwenye mashine kama hiyo, kupunguza ukubwa wa picha ndani ya gemu hadi 1280 kwa 720 kunaweza kusaidia kuliko mpangilio wowote wa umeme.

Angalia pia kumbukumbu, yaani RAM. Kwa kuwa mchoraji wa ndani hutumia RAM ya kompyuta, vipande viwili vya RAM vya GB 4 kwa kawaida humpa mwendo mzuri kuliko kipande kimoja cha GB 8. Ukienda kuongeza RAM, uliza fundi kama mashine ina nafasi mbili.

Na kama unacheza na watu wa mbali kupitia intaneti, tofautisha picha kuganda na mtandao kuchelewa. Ukicheza peke yako bila intaneti na gemu likaenda vizuri, lakini ukiingia mtandaoni wachezaji wanaruka-ruka, tatizo ni mtandao. Prosesa haina la kufanya hapo.

Simu yako nayo inabania

Jambo hili linawahusu hata wasomaji wasiocheza gemu. Simu nayo ina prosesa, na ina hali ya kuokoa betri. Kwenye Android hali hiyo huzuia programu zisifanye kazi zikiwa nyuma ya pazia, na kwenye simu nyingi hupunguza pia kasi ya prosesa. Ukicheza gemu kwenye simu na hali hiyo ikiwa imewashwa, tarajia kukwama.

Kwa mfanyabiashara kuna jambo kubwa zaidi. Arifa za programu ya malipo zinaweza kuchelewa hali hiyo ikiwa imewashwa. Mteja anasema ametuma, wewe huoni kitu, mnaanza kubishana. Fanya mambo mawili. Kwanza, nenda kwenye "Settings" za simu, ufungue "Apps", uchague programu yako ya malipo, ubonyeze "Battery", kisha uchague "Unrestricted" ikiwa simu yako ina chaguo hilo. Pili, usiamue kwa kuona arifa peke yake. Angalia salio lako au orodha ya miamala. Hiyo inakukinga na mteja unayemnyima haki yake, na inakukinga pia na mjanja anayekuonyesha meseji ya kughushi kwenye simu yake.

Turudi kwa yule anayeuza bustaa

Mwuzaji aliahidi kompyuta itaenda mara mbili. Sasa unajua kwamba prosesa haiwezi kupita uwezo wake wa kiwandani kwa sababu ya faili uliyotumiwa kwa WhatsApp. Programu nyingi za namna hiyo, hata zile zisizo na nia mbaya, hubadilisha mipangilio hii hii uliyokwisha kuibadilisha bure. Na zile zenye nia mbaya huja na masharti. Tazama dalili hizi:

Anakuambia uzime kinga ya virusi kwanza, eti inazuia bustaa isifanye kazi.

Anataka uweke programu ya kuendesha kompyuta yako kutoka mbali ili "akusaidie".

Anataka malipo kwenye namba ya mtu binafsi, na jina linalotokea unapotuma si lile alilojitambulisha nalo.

Anakuharakisha: ofa inaisha leo, wamebaki watu wawili.

Baada ya malipo ya kwanza kuna ada ya pili ya kufungua faili.

Faili ya aina hiyo inaweza kunyakua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari chako: barua pepe, akaunti za gemu, hata benki. Hasara inakuwa kubwa kuliko zile 1,500.

Tungependa pia uelewe jambo moja kuhusu kurudisha pesa. Pesa uliyotuma kwa namba uliyoikosea na pesa uliyomtumia tapeli kwa hiari yako si kitu kimoja. Katika visa vyote viwili, ikiwa mpokeaji ameshatoa pesa kwa wakala, hakuna kilichobaki cha kurudisha, na tapeli hachelewi kutoa. Kwa hiyo ukigundua umetapeliwa, tupigie huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usisubiri kesho. Hifadhi meseji ya muamala na mazungumzo yote, usiyafute kwa hasira. Kisha ripoti polisi. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, na ulaghai wa kompyuta umo ndani yake. Kama uliifungua ile faili, badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, si kompyuta ile ile.

Na kama kawaida: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako, iwe ni kwa ajili ya gemu, zawadi au kurudishiwa pesa.

Kwa ufupi

Pima kasi kabla ya kubadilisha chochote. Weka "Power mode" kwenye "Best performance" unapocheza. Hakikisha dari ya prosesa ni 100 na si 99. Sakafu iache chini. Chomeka chaja sahihi na uipe mashine hewa. Pima tena. Tofauti ikionekana, umemaliza. Isipoonekana, angalia mchoraji wa picha, RAM na mtandao kabla ya kutoa pesa.

Zoezi la wiki hii: fanya vipimo viwili, kabla na baada, uandike namba zote mbili. Halafu kokotoa bei ya uniti moja ya stima nyumbani kwako kutoka kwenye meseji ya tokeni. Ukiwa na namba hizo tatu mkononi, mtu yeyote akija na ahadi ya "mara mbili", utakuwa na swali la kumuuliza: mara mbili ya ngapi? Mwuzaji wa kweli atakujibu kwa namba. Mwingine atakuharakisha uweke PIN.